Dawa za masaa 72 hazitoshi: nani anaangalia mlango wa kizazi wa mama mhami?

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Kila tunapofungua simu katika kipindi cha afya, kuna swali moja ambalo halikosi. Linatoka kwa wamama wa Masisi, wa Rutshuru, wa Sake, wa Minova. Wengine wanaliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jirani nyuma ya ukuta wa mbao: je, ugonjwa wa zinaa unaweza kuleta kansa ya kizazi?

Swali ni zuri. Kibaya ni majibu ambayo mama huyo amekwisha kupewa kabla ya kutupigia simu. Wa kwanza alimwambia: ndiyo, ni malipo ya uasherati wako. Wa pili alimwambia: hapana, nunua hizi kapsuli utapona. Wa tatu, na huyu mara nyingi ana ofisi na gari, alimwambia: mama, sasa ni wakati wa vita, mambo ya kansa yatangoja.

Majibu hayo matatu yanaua. Ndugu msikilizaji, ndugu msomaji, leo nayapinga moja baada ya lingine. Lakini tuanze na ukweli wenyewe, maana huwezi kupinga uongo kwa uongo mwingine.

Ukweli uko hivi

Mlango wa kizazi ni ile sehemu ya chini ya kizazi, pale mtoto anapopita akizaliwa. Kansa ya hapo inatokana na virusi vya papiloma, ambavyo wauguzi wanaviita HPV. Zaidi ya kansa 95 kati ya 100 za mlango wa kizazi zinatoka kwa virusi hivyo. Viko vya aina nyingi, lakini aina mbili tu, namba 16 na namba 18, zinabeba karibu kansa 70 kati ya 100. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyefungua macho ya dunia juu ya jambo hili, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel.

Virusi hivi vinapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa. Ni vya kawaida mno. Watu wengi wanaofanya tendo hilo, wanaume kwa wanawake, wanavipata angalau mara moja maishani, na wengi hawatajua kamwe. Katika watu kumi, karibu tisa miili yao inavifukuza yenyewe ndani ya miaka miwili. Shida ni ya yule ambaye mwili wake haukuvifukuza. Kwake vinakaa, vinachokonoa polepole, na baada ya miaka 15 au 20 panaweza kutokea kansa. Miaka yote hiyo hakuna maumivu. Hakuna homa. Mama analima, anabeba, anazaa, anakimbia vita.

Na hayo magonjwa mengine? Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wanachanganywa.

Juu ya virusi vya sida, VIH, hakuna ubishi tena. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mwanamke mwenye VIH yuko katika hatari ya kansa hii mara sita kuliko asiye nayo. Na kwake, kama hapati dawa, ile miaka 15 au 20 inafupika, inakuwa miaka 5 hadi 10.

Juu ya klamidia, malengelenge ya sehemu za siri na trikomona, watafiti wamekuta mara kwa mara kwamba mwanamke mwenye HPV pamoja na moja ya hayo mwili wake unashindwa zaidi kufukuza HPV. Maelezo wanayotoa yanaeleweka: ugonjwa unachubua ngozi laini ya ndani, unaleta uvimbe usioisha, unachosha ulinzi wa mwili mahali pale. Lakini uzito wa msaada huo bado wanaubishania, na hakuna anayesema klamidia peke yake inazaa kansa. Bila HPV, haizai.

Kwa lugha ya nyumbani: mwizi ni HPV. Klamidia na wenzake wanaacha mlango wazi. VIH inamfunga mlinzi kamba. Mama mwenye vyote vitatu ana mwizi ndani, mlango wazi, na mlinzi amefungwa. Huyo ndiye angepaswa kuangaliwa kwanza kabla ya wote. Kwetu ndiye anayeangaliwa mwisho.

Jibu la kwanza: "Ni malipo ya uasherati"

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili tunasema magonjwa ya zinaa. Zinaa ni dhambi. Yaani kabla mama hajafungua mdomo mbele ya muuguzi, lugha imekwisha kumhukumu. Ameingia mgonjwa, akaandikwa mzinzi.

Sasa niambieni, mzinzi ni nani hapa? Kuna mama ambaye maisha yake yote amejua mwanaume mmoja, mume wake wa ndoa. Mume alikwenda kuchimba koltani Rubaya, akakaa miezi, akarudi na pesa kidogo na virusi asivyovijua. HPV kwa mwanaume mara nyingi haionyeshi kitu. Haimwashi, haimvimbishi, hakuna anayemwita mzinzi. Mama ndiye atakayetoka damu miaka ishirini baadaye, na mama ndiye atakayefukuzwa nyumbani kwa sababu ya harufu.

Kuna mama aliyeshikwa njiani akienda kutafuta kuni. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilitangaza kwamba kwa mwaka 2023 pekee lilihudumia watu 25,166 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika nchi yetu. Ni zaidi ya wawili kila saa, mchana na usiku, na hao ni wale tu waliofika kwenye vituo vya shirika hilo moja. Nani atasimama mbele ya hao elfu ishirini na tano aseme neno zinaa?

Na kuna mama ambaye hakushikwa kwa bunduki, alishikwa kwa njaa. Watoto watano chini ya hema, hakuna unga, na mwanaume mwenye chakula anajua anachotaka. Mimi simwiti huyo mama jina lolote. Ninayemtafutia jina ni yule mwanaume.

Aibu inaonekana ni jambo la moyo tu, lakini katika ugonjwa huu aibu ni sababu ya kifo. Mama anayeona damu baada ya kukutana na mumewe ananyamaza, kwa sababu akisema ataulizwa umetoka wapi. Ananyamaza mwaka mmoja, miwili, mitatu. Siku anapofika hospitalini akibebwa, si kwamba kansa ilikuwa na haraka. Sisi ndio tulimchelewesha kwa midomo yetu.

Kwa wachungaji, mapadri na mashehe wetu ninasema kwa heshima: mnashika maikrofoni kila juma mbele ya watu wengi kuliko redio yetu. Tangazeni kwamba kansa hii inatoka kwa virusi, na kwamba inazuilika. Hiyo haipunguzi hata amri moja ya Mungu.

Jibu la pili: "Nunua kapsuli"

Nenda kwenye soko lolote, Virunga au Birere au kandokando ya barabara ya Sake. Utakuta kapsuli za rangi mbili zinauzwa moja moja kama pipi. Mama anasema "ninatoka uchafu", anapewa tatu za njano na mbili nyekundu, anaambiwa kunywa jioni.

Dawa za kuua bakteria zinatibu klamidia, kisonono ambacho mtaani tunakiita sopisi, na kaswende. Ni dawa nzuri, zikitolewa kwa kipimo, zikimalizwa, na mwenzako naye akitibiwa siku hiyo hiyo. Kunywa robo ya dawa, mume asinywe kitu, ni kupanguza sakafu huku bomba linavuja. Na tukumbuke kwamba wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, kwa hiyo hawafiki hata kwa huyo muuza kapsuli.

Lakini sikilizeni hili vizuri: hakuna kapsuli ya soko inayoua HPV. Hakuna. Wala mvuke wa majani, wala maji ya chumvi, wala sabuni, wala zile unga unga za "kukausha" na "kusafisha" zinazouzwa kwa minong'ono. Uke unajisafisha wenyewe. Ukiukwangua kila siku kwa sabuni na majani, unafukuza vijidudu vyema vinavyoulinda, na unachubua ngozi ile ile ambayo virusi vinatafuta kuingilia.

Lawama hii si ya wauza soko peke yao. Hata katika vituo vingi vya afya mambo ni hivyo hivyo, ila kwa koti jeupe. Mama anaeleza dalili, muuguzi anaandika dawa kwa kufuata dalili, mama anakwenda. Mwezi wa pili anarudi na maneno yale yale, anapewa dawa zile zile. Mwezi wa nne tena. Mara tatu, mara nne, na hakuna hata mmoja aliyemwambia: mama, panda kitandani nikuangalie. Kutibu kwa dalili ni njia inayokubalika pale ambapo hakuna maabara. Ila dalili zisizoisha ni amri ya kuangalia, si amri ya kuongeza dawa.

Nazitaja dalili ambazo hazipaswi kuitwa uchafu wa kawaida. Damu baada ya kukutana na mume. Damu katikati ya mwezi. Damu kwa mama aliyekwisha kukata hedhi, hata tone moja. Uchafu wenye harufu usioisha baada ya dawa. Maumivu ya chini ya tumbo au ya kiuno yasiyoondoka. Zinaweza kuwa za kitu kingine chepesi, na mara nyingi ni hivyo. Lakini atakayejua ni yule aliyeangalia.

Jibu la tatu: "Sasa ni vita, kansa ingoje"

Hili ndilo jibu linalonikasirisha zaidi, kwa sababu linasemwa na watu waliosoma.

Tunajua kinachotolewa kwa mama aliyebakwa. Akifika ndani ya masaa 72 anapewa dawa za kuzuia VIH, atakazokunywa siku 28. Anapewa dawa za kuzuia magonjwa ya bakteria. Anapewa kidonge cha kuzuia mimba ikiwa hazijapita siku tano. Inafaa apewe pia chanjo ya homa ya ini. Ni msaada mkubwa, umeokoa maisha mengi hapa kwetu, na anayeudharau hajui anachosema. Ndiyo maana msaada wa Marekani ulipokatwa mwaka 2025 na masanduku ya dawa hizo yakaanza kukosekana mahali pengi, tulipiga kelele, na tunaendelea kupiga.

Lakini hesabuni nami. Dawa zinaisha siku ya 28. HPV inafanya kazi miaka 15 au 20. Katika sanduku la masaa 72 hakuna dawa ya HPV, kwa sababu dawa hiyo haipo duniani. Kinachoweza kumsaidia mama huyo ni mtu wa kumwambia: rudi, kila baada ya miaka kadhaa, tukuangalie mlango wa kizazi. Nani anamwambia hivyo? Fishi yake imefungwa. Mradi umekwisha. Shirika limehamia mkoa mwingine. Mama mwenyewe amehama mara nne.

Na vita vyetu ni vizee kuliko hiyo miaka 20. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1998, vita vya pili vilipoanza, alitimiza miaka 42 mwaka 2025. Yuko katikati kabisa ya umri ambao kansa hii inapenda. Wale wasichana wa wakati ule, wale ambao dunia ilikuja kuwapiga picha, ndio wamama wa leo. Sisemi kila aliyebakwa atapata kansa, wengi hawatapata. Nasema wale watakaopata wanaanza kutoka damu sasa hivi, na sisi tunawaambia wangoje vita viishe. Virusi havina habari na mazungumzo ya amani.

Mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Nobel ya Amani kwa kazi yake kwa wanawake waliobakwa. Basi kuna Nobel mbili, miaka kumi kati yake. Moja ilionyesha virusi, nyingine ilionyesha majeraha yetu. Kwenye meza ya kituo cha afya cha wahami, hizo mbili bado hazijakutana.

Wanasema pia hakuna uwezo. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 tulikuwa na Ebola hapa Kivu ya Kaskazini, katika vita vile vile, barabara zile zile, makundi yenye silaha yale yale. Mahema yalipatikana. Magari yalipatikana. Maabara zilifika Beni, Butembo, Goma. Chanjo yenye kuhitaji baridi kali ilifika vijijini. Sikatai kwamba Ebola ilistahili. Ninachosema ni kwamba tuliona kwa macho yetu kuwa vita si kizuizi pale watu wenye pesa wanapoogopa. Kansa ya mlango wa kizazi haipandi ndege, haimwambukizi mgeni hotelini. Inamuua mama wa Kitchanga kimya kimya. Ndiyo maana inaambiwa ingoje.

Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake karibu 350,000 duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi maskini na za kipato cha kati. Kizazi cha mwanamke wa Ulaya na cha mwanamke wa Masisi vimeumbwa sawa. Tofauti ni kwamba yule aliangaliwa.

Siki, taa na mtu aliyefundishwa

Labda unadhani kuangalia huko kunataka mashine kubwa ya Ulaya. Sivyo. Njia moja inataka siki, ile vinegre ya kutengenezea saladi, ikipunguzwa kwa kipimo maalum; taa nzuri; kifaa cha kufungulia uke kilichochemshwa; na muuguzi au mkunga aliyefundishwa. Anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja hivi. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Weupe huo si kansa. Ni onyo kwamba pakiachwa panaweza kuwa kansa. Mara nyingi panatibiwa siku hiyo hiyo kwa kifaa kidogo cha kuchoma kwa joto, ambacho kinaweza kutumia betri, na uchomaji wenyewe hauzidi dakika chache. Mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa mhami, hilo neno "siku hiyo hiyo" ndilo la thamani kuliko yote. Usimwambie mama aliyehama mara nne kwamba arudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu. Wiki tatu zijazo hajui atalala wapi. Na usimpime kama huna pa kumtibu. Kumwambia mtu ana shida kisha kumwacha nayo ni ukatili mwingine.

Kwa mama aliyekata hedhi, siki haionyeshi vizuri. Huyo anahitaji kipimo cha HPV chenyewe, ambacho OMS inakiweka mbele ya vingine vyote. Kina uzuri wake: mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba laini, bila mtu kumwona. Kwa mama aliyebakwa, ambaye kulazwa kitandani na kufunguliwa miguu ni kurudishwa kwenye siku ile, hiyo ni heshima. Na mashine? Ile ile GeneXpert tunayoijua kwa kupima kifua kikuu, ile ile iliyotumika wakati wa Ebola, inaweza kupima HPV pia. Inataka vifaa vyake maalum tu. Mashine tunazo, ni vifaa vyake na uamuzi vinavyokosekana.

Kisha kuna chanjo. Inatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na mwanaume, na tangu 2022 OMS inasema sindano moja inaweza kutosha. Wenye VIH ndio wanaohitaji zaidi ya moja. Rwanda walianza kuchanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2011. Uganda 2015. Tanzania 2018. Kenya 2019. Naomba tuweke siasa pembeni dakika moja. Kati ya msichana wa Gisenyi na msichana wa Birere kuna mpaka ambao wamama wanauvuka kila asubuhi na nyanya kichwani. Mmoja alichanjwa shuleni. Mwingine, katika kambi na vijiji nilivyopita, hajasikia hata jina la chanjo hiyo. Miaka thelathini ijayo wote wawili watakuwa wamama wa miaka 42. Mnajua yupi atakuwa anatoka damu.

Na akifika akiwa amechelewa, hapa Kivu hatuna mashine ya kutibu kansa kwa miale. Familia inauza shamba, inauza mbuzi, inachangisha kanisani ili mama avuke mpaka akatibiwe. Wengi shamba lenyewe limebaki nyuma ya mstari wa vita. Hao wanabaki nyumbani na paracetamol. Tunaambiwa kupima ni ghali. Kilicho ghali ni kuchelewa.

Tunachodai

Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, kambi nyingi za pembeni ya mji ziliondolewa. Watu wametawanyika Sake, Masisi, Rutshuru, Minova, na katika nyumba za jamaa hapa mjini. Kwa hiyo siombi jengo jipya la kambi ambayo kesho haitakuwepo. Nadai mambo yanayoweza kumfuata mama popote.

Kwa wakubwa wa afya wa mkoa, na kwa yeyote anayeshika utawala mahali popote, maana mlango wa kizazi hauna chama wala jeshi: kila zoni ya afya iwe na angalau wauguzi wawili waliofundishwa kupima kwa siki na kutibu siku hiyo hiyo, pamoja na kifaa cha kuchoma. Na chanjo ya wasichana iletwe, ianze na wale waliohamishwa, walio nje ya shule, na wale waliokwisha kufanyiwa ukatili.

Kwa mashirika: sanduku la masaa 72 liongezewe karatasi. Karatasi tu. Kadi ndogo ya plastiki ambayo mama ataiweka pamoja na kadi yake ya kura, isiyotaja kubakwa, inayosema tu: aangaliwe mlango wa kizazi, na mwaka gani. Na wafadhili wakikuuliza utapima nini mwisho wa mradi, waambie miradi ya miezi sita haijawahi kuushinda ugonjwa wa miaka 20.

Kwa vituo vinavyotoa dawa za VIH: mama huyo anakuja kwenu kila mara kuchukua vidonge. Yuko mbele yenu. Mwanamke mwenye VIH anapaswa kuanza kupimwa tangu miaka 25, na wengine tangu miaka 30. Kumpa vidonge miaka kumi bila kumwangalia hata mara moja ni kumponya na sida ili afe na kansa.

Kwa wababa: mkeo akiambiwa mnywe dawa wote wawili, kunywa. Akiambiwa akapimwe, msindikize, na kama huwezi kumsindikiza, usimzuie. Kondomu inapunguza hatari ya HPV, ingawa haiimalizi. Na akipatikana na tatizo usimwulize alikolitoa. Huenda lilikuja na begi lako.

Na kwako mama, dada, shangazi unayesoma hapa au unayesomewa na mtoto wako kwenye simu: kama una miaka 30 na kuendelea, au 25 ukiwa na VIH, nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu ukaulize kwa sauti: je, hapa mnapima mlango wa kizazi? Wakisema hapana, uliza ni wapi wanapima. Nendeni wawili, watatu, kumi. Mama mmoja akiuliza ataambiwa arudi kesho. Wamama hamsini wakiuliza juma moja, mganga mkuu wa zoni atalazimika kuandika barua. Mkijibiwa vibaya, simu yetu mnaijua. Tutasema hewani ni zoni gani, ni tarehe gani, na ni jibu gani mlilopewa.

Goma, mwandishi wenu wa redio.